Gitaa la Marehemu: Ninunue au Niliache?

SWALI

Bwana Mhariri, mimi ni mpiga gitaa wa kwaya katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, na ni baba wa watoto watatu. Mjane wa mwanamuziki aliyekuwa jirani yetu yuko tayari kuniuzia gitaa la umeme la marehemu mumewe kwa dola 1,200. Ni Fender Stratocaster. Nyuma yake pana bamba la chuma lenye herufi F kubwa pamoja na nambari, na mama huyo anasema kwamba mumewe alilinunua likiwa limeshatumika huko Ndola, Zambia, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, naye alikuwa akisema kuwa ni la mwaka 1966. Limepakwa rangi nyekundu ya gari, swichi yake inasimama katika sehemu tano, na kinasa sauti cha katikati (pickup, kile kinachonasa mtetemo wa nyuzi) kimekufa. Nina dola 1,500 nilizoziweka kwa miaka miwili. Mke wangu anaona kwamba kununua kitu kikuukuu ni kutupa fedha, lakini wenzangu wa kwaya wanasema hiyo ni mali itakayopanda bei. Nifanye nini?

Msomaji, Katuba

JIBU

Ndugu yangu wa Katuba, unaogopa kupata hasara, na ni haki yako, lakini ukiyatazama vizuri maelezo uliyotuandikia utaona kwamba anayeweza kupata hasara kubwa zaidi katika biashara hii ni yule mama mjane. Stratocaster ya mwaka 1966 iliyobaki na rangi yake na vipuri vyake vya asili hununuliwa Marekani na Ulaya kwa zaidi ya dola 10,000. Iliyopakwa rangi upya, kwa desturi ya wafanyabiashara wa vitu hivyo, hupoteza karibu nusu ya thamani, na hata hiyo nusu inazidi mara kadhaa bei uliyotajiwa. Kwa upande mwingine, kama gitaa hilo ni la kuunganishwa kwa vipuri vya kuiga, thamani yake ni dola mia chache tu. Kwa hiyo dola 1,200 haziwi bei ya haki kwa vyovyote: ama mama anapunjwa, ama unapunjwa wewe. Ndiyo maana nakushauri usitoe hata faranga moja ya kishika bei mpaka gitaa lifunguliwe, tena lifunguliwe nyumbani kwa marehemu, mbele ya mjane na mmoja wa watoto wake.

Herufi F haipingani na hadithi uliyosimuliwa. Kampuni aliyoianzisha Leo Fender ilinunuliwa na CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwanzoni mwa mwaka 1965, na bamba lenye F lilianza kuonekana karibu na mwisho wa mwaka huo, wakati kichwa cha gitaa nacho kilipoongezwa ukubwa. Hata hivyo, bamba hushikwa na skrubu nne tu, huweza kuhamishwa kutoka gitaa moja hadi jingine kwa dakika kumi, na ya kuiga yanauzwa. Nambari iliyochongwa juu yake peke yake haithibitishi kitu.

Ushahidi wenye uzito umefichwa ndani. Legeza nyuzi, toa zile skrubu nne, kisha utenganishe shingo na kiwiliwili. Kwenye ncha ya shingo, ile inayoingia mwilini, gitaa la miaka hiyo huwa na muhuri wa wino unaoonyesha mwezi kwa herufi tatu, mwaka kwa tarakimu mbili, na herufi moja ya upana wa shingo, ambayo mara nyingi ni B. Baada ya hapo fungua bao la plastiki la mbele na usome migongo ya vifundo vya sauti, yaani vile vinavyozungushwa kuongeza au kupunguza sauti. Kifundo kilichoandikwa 1376612, kwa mfano, kilitengenezwa na kampuni ya CTS, ambayo alama yake ni 137, katika wiki ya 12 ya mwaka 1966; alama ya 304 ni ya kampuni ya Stackpole. Uwe mwangalifu hapa, kwa sababu kifundo hukuambia tu kwamba gitaa halikuunganishwa kabla ya mwaka huo. Fender ilinunua shehena kubwa ya vifundo vya mwaka 1966 na kuendelea kuvitumia kwa miaka kadhaa, kwa hiyo muhuri wa shingo ndio usikilizwe kwanza.

Swichi ya sehemu tano isikutishe. Ni kweli kwamba kiwanda kiliweka swichi ya sehemu tatu hadi mwaka 1977, lakini wapigaji wengi walibadilisha wenyewe ili waipate sauti iliyo kati ya vinasa viwili, na marehemu anaweza kuwa mmoja wao. Kinasa kilichokufa ni jambo zito kidogo. Mwombe fundi wa redio (wapo wengi huko Kenya, komini yetu, si ile nchi) akipime kwa mita: kinasa kizima cha Stratocaster husoma takriban kilo-omu 5 hadi 7, na kama hakisomi chochote, waya wake mwembamba kama unywele umekatika. Huweza kusukwa upya, lakini kile cha zamani kisitupwe kamwe, hata kikiwa kimekufa, kwa maana nacho kina bei.

Sasa tuje kwenye kupiga, kwa sababu wewe ni mpiga gitaa na si mkusanyaji. Tazama shingo kwa jicho moja kuanzia kichwani: ikiwa imepinda kidogo tu, fimbo ya chuma iliyo ndani yake itainyoosha, na katika gitaa la namna hii hurekebishwa kwenye ile ncha ya shingo inayoingia mwilini, hivyo fanya kazi hiyo siku ileile mnapoifungua. Pitisha kidole kando ya shingo. Ukichomwa na ncha za vile vyuma vinavyoikatiza, huenda ni mbao tu iliyosinyaa kwa ukavu wa miezi ya Juni hadi Septemba katika mji wetu, na fundi stadi atazisawazisha kwa tupa. Vyuma vilivyolika hadi kuwa bapa ni habari nyingine, maana kuvibadilisha kunahitaji mkono ambao si kila fundi anao. Nawe hukutaja amplifaya. Kama mama anayo ya Kimarekani ya zamani, usiichomeke moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 220, kwa kuwa ilitengenezewa volti 117.

Kuhusu wenzako wanaosema bei itapanda, waulize ni nani hapa Lubumbashi atakayekulipa hiyo bei. Mnunuzi wa maelfu yuko ng'ambo, atataka picha za mihuri, hati na usafirishaji, na fedha zako zitakaa zimefungwa huku karo za watoto zikidai. Katika hilo mkeo ana hoja.

Mihuri ikikosekana au ikipingana, mimi nisingevuka dola 400, na ningefanya hivyo baada tu ya kulipiga gitaa kwa saa nzima. Ikikubaliana, mwambie mama ukweli wote siku hiyohiyo. Familia ikiamua kutafuta mnunuzi wa mbali, wasaidie kupiga picha na muafikiane ujira wako mapema. Wakiamua, huku wakijua thamani yake, kwamba wanakuuzia wewe jirani kwa dola 1,200, andikeni hati yenye mashahidi wawili na nambari ya bamba. Na siku ya kulifungua, chukua bisibisi ya msalaba inayoenea barabara, kwa sababu skrubu zikichubuka zitamshushia bei mwenye gitaa, yeyote atakayekuwa.