Ganzi imekataa kwenye jipu, masikio yanavuma

Swali: Daktari, mimi ni tabibu wa zahanati wilayani Kasulu, Kigoma. Nilipasua jipu la mgonjwa wa kilo 45. Nilichoma lidokaini (dawa ya ganzi) ya 2%, mililita 10, katikati ya jipu. Alilia kana kwamba hajachomwa kitu, kisha akalalamika midomo inakufa ganzi na masikio yanavuma. Dawa ilikwenda kutulizia maumivu ubongoni?

Jibu: Ubongoni ilifika, ila si kutuliza. Lidokaini ya ngozini hufanya kazi palepale ilipochomwa: inapenya utando wa mshipa wa fahamu, kisha inaziba milango ya sodiamu kutokea ndani. Sodiamu isipoingia, taarifa ya maumivu haifiki hata kwenye uti wa mgongo, sembuse ubongo.

Inayopenya ni ile sehemu ya dawa isiyo na chaji. Kwenye nyama yenye afya ni kama robo. Kwenye nyama yenye usaha, kwa sababu ya asidi, hubaki kidogo mno. Tena mishipa ya damu hapo imetanuka, inaibeba dawa upesi. Ndiyo maana mgonjwa wako alipata hasara zote mbili: ganzi haikushika, na dawa ikazidi kwenye damu. Kipimo nacho kilizidi: bila adrenalini usivuke miligramu 3 kwa kilo, kwake 135. Mililita moja ya 2% ina miligramu 20, hivyo ulitoa 200. Mwisho wake ulikuwa mililita 6.7.

Siku nyingine izungushe ganzi kwenye ngozi yenye afya, nje ya wekundu. Vuta bomba kwanza uone kama damu inaingia, choma polepole, subiri dakika 5. Eneo likiwa kubwa, izimue kwa maji ya chumvi iwe 1%. Miligramu zilezile, ujazo mara mbili.

Masikio yakivuma, acha kuchoma, mpe oksijeni, weka kanula (mrija wa kupitishia dawa mshipani), diazepamu ya kutuliza degedege iwe karibu. Lidokaini ikizidi huzima kwanza seli za ubongo zinazozuia nyingine, kwa hiyo degedege hutangulia kupoteza fahamu.

Ganzi ya mgongo ni habari nyingine. Kwa upasuaji wa uzazi, bupivakaini nzito (dawa nyingine ya ganzi, nzito kuliko maji ya uti wa mgongo) ya 0.5% mililita 2 tu, yaani miligramu 10, hutosha mara nyingi, maana mizizi ya mishipa imo ndani ya maji ya uti wa mgongo. Mama kuhisi anavutwa-vutwa ni kawaida. Hisia ya kugandamizwa huzimika mwisho. Akisema inauma, simamisha kisu kwanza.