Akiba halisi: Nigeria na Botswana

Mkuu, umeuliza kwa nini Nigeria, na mafuta yote yale, inapitwa na Botswana kwa akiba halisi, yaani akiba inayobaki baada ya kuhesabu mali asili iliyotumika. Ili kuipata, Benki ya Dunia huchukua akiba ghafi ya taifa, yaani mapato yasiyotumiwa, hutoa uchakavu wa mitambo, huongeza matumizi ya elimu, kisha hukata thamani ya mafuta, madini na misitu iliyotumika, pamoja na madhara ya hewa chafu. Hapo ndipo Nigeria ya miaka ya 1990 ilizama chini ya sifuri: mafuta yaliuzwa, pesa ikaliwa. Botswana nayo huchimba almasi, lakini sehemu ya mapato iliwekwa kwenye Mfuko wa Pula, mfuko wa akiba wa taifa ulioanzishwa 1994, na nyingine ikajenga shule na barabara. Ila hesabu hii ina upole wake: maji yaliyochafuliwa Delta ya Niger, eneo la mafuta la Nigeria, hayamo kabisa.