Chaki, Hadubini na Kioo cha Dola Kumi: Majibu kwa Maswali Yenu

Wiki iliyopita niligusia kwamba kasi ya mwanga iliwahi kupimwa na mwalimu kijana wa chuo cha wanamaji. Maswali yakamiminika, mengi yakihusu vyuo vya kijeshi vya Marekani vya karne ya 19. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Askari kazi yake ni kulenga shabaha. Fizikia ya nini?

Huyo huyo ndiye aliyetarajiwa kujenga ngome, madaraja na bandari, na kukadiria risasi ya mzinga itaangukia wapi. Chuo cha West Point, kando ya mto Hudson, kilianzishwa mwaka 1802, lakini sura yake ilitokana na ofisa wa jeshi, Sylvanus Thayer. Alitumwa Ulaya mwaka 1815, akazitazama shule za Wafaransa, hasa École Polytechnique ya Paris, akarudi na shehena ya vitabu na ramani. Mwaka 1817 akakabidhiwa chuo. Kadeti walilazimika kujifunza Kifaransa, si kwa mapambo, bali kwa sababu vitabu vizuri vya hesabu vilikuwa vya lugha hiyo.

Wanafunzi wenyewe walivigusa vifaa?

Walichogusa zaidi ni chaki. Kadeti aliitwa mbele, akachora mchoro wake ubaoni, akageuka, akashika kijiti na kueleza hatua kwa hatua. Alama zilitolewa kila siku, 3 ikiwa ya juu kabisa, na sifuri aliyeipata aliijua kabla hajala chakula cha mchana. Mimi niliyesoma fizikia kwa kutazama kabati la maabara lenye kufuli siwezi kuwacheka. Vifaa kwa kweli vilikuwepo: Profesa William Bartlett alikwenda Ulaya mwaka 1840 kutafuta vyombo vya kituo cha kutazamia nyota, na jua lilipopatwa mwezi Mei 1854 alilipiga picha pale pale chuoni.

Ni kweli mchoraji Whistler aliponzwa na kemia?

Kweli. Alipokuwa kadeti West Point aliulizwa kuhusu silikoni, akajibu kwamba ni gesi. Ni kitu kigumu, na kila mchanga wa ufukweni umejaa misombo yake. Aliondolewa mwaka 1854, alama mbaya za nidhamu nazo zikiwa zimemjaa. Baadaye alikuwa akitania kwamba silikoni ingekuwa gesi, yeye angekuwa meja jenerali.

Wiki iliyopita ulimtaja Bailey mara mbili bila kueleza. Ni nani?

Kosa langu, na nafurahi kulisahihisha, maana ndiye nimpendaye kuliko wote. Jacob Whitman Bailey alisoma West Point, kisha akafundisha hapo kemia, madini na jiolojia hadi alipofariki mwaka 1857. Mapenzi yake yalikuwa hadubini. Angeweza kukaa na tone la maji ya dimbwi akihesabu mistari kwenye magamba ya viumbe vya majini visivyoonekana kwa macho.

Miaka ya 1850 wanamaji walikuwa wakipima kina cha Atlantiki. John Brooke, ofisa aliyesoma chuo cha wanamaji cha Annapolis, alibuni chombo rahisi ajabu: tufe la mzinga lililotobolewa katikati, na fimbo ikapitishwa kwenye tundu. Fimbo ikigusa chini, tufe linachomoka na kubaki huko. Fimbo inavutwa juu ikiwa nyepesi, na tope kidogo limenasa kwenye ncha. Tope hilo likapelekwa kwa Bailey. Chini ya hadubini hakuona punje ya mchanga wala changarawe, ila vigamba vidogo vidogo, vingi vikiwa vizima. Maana yake? Huko chini hakuna mkondo wa kuvisaga. Waliokuwa wakiota kulaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari walipata jibu walilolitaka kutoka kwenye tope la kujaa kijiko.

Huyo wa kasi ya mwanga alitumia vifaa gani?

Albert Michelson alihitimu Annapolis mwaka 1873, akarudi kufundisha fizikia na kemia. Alitakiwa aandae onyesho la darasani la njia ya Foucault, mwanafizikia wa Kifaransa, ya kupima kasi ya mwanga: mwanga unapigwa kwenye kioo kinachozunguka, unakwenda hadi kioo cha mbali, unarudi. Wakati wa safari hiyo kile cha kwanza kimeshageuka kidogo, kwa hiyo mwanga unaangukia pembeni. Kadiri umbali unavyozidi, ndivyo pengo linavyopimika vizuri. Mwaka 1878 alitengeneza kioo chake cha kuzunguka kwa takriban dola 10. Mwaka uliofuata, baada ya baba mkwe kumpa dola 2,000, alitenganisha vioo kwa mita 605 hivi kandokando ya ukuta wa bahari wa chuo. Kimoja kilizunguka mara 257 kwa sekunde. Akapata kilomita 299,910 kwa sekunde. Leo tunasema 299,792.