Mnaoanza Kifaransa, msikariri aller kama kasuku

Wadogo zangu mnaoanza Kifaransa, najua mkifika kwenye aller, yaani kwenda, ndo wengi wanaanza kuchoka, maana kitenzi kinaitwa aller halafu "naenda" ni je vais, "nitaenda" ni j'irai, hata havifanani. Mwalimu wangu wa kwanza alisema hakuna sababu, kariri tu. Nikakariri miezi mitatu, nikifungua mdomo vyote vinapotea. Sababu ipo, na ukiijua mzigo unapungua sana.

Iko hivi, aller ni vitenzi vitatu vilivyoshonwa pamoja. Kilatini, mama wa Kifaransa, kilikuwa na ire, kwenda, ila vipande vyake vilikuwa vifupi mno, "unaenda" ni is, "anaenda" ni it, basi, vikaisha mdomoni. Watu wakachukua vadere, kupiga hatua kusonga mbele, wakaziba nayo mapengo, ndo hiyo vais, vas, va, vont. Ire yenyewe ikabaki kwenye irai. Na all- ya nous allons wengi wanaitoa kwenye ambulare, kutembea, ingawa wataalamu bado wanabishana.

Na msione ajabu, sisi wenyewe tunasema nenda wala hatusemi enda, tunasema njoo na kitenzi ni kuja. Maneno yanayotumika kila saa ndo yanabaki na ukorofi wake, kwa sababu mtoto anayashika kabla hajajua kanuni yoyote.

Kwa hiyo fanyeni hivi, chukua daftari, ukurasa mmoja wa va-, mmoja wa i-, mmoja wa all-, halafu kila siku andika ulikoenda kweli. Je vais au marché, naenda sokoni. Demain j'irai à Goma, kesho nitaenda Goma. Sentensi zako mwenyewe, jedwali achana nalo kwanza.

Faida utaiona ukihamia lugha nyingine. Kiitaliano: vado (naenda), vanno (wanaenda), ila "tunaenda" ni andiamo, va- ileile na mgeni mmoja. Kihispania: voy (naenda), vamos (tunaenda), iré (nitaenda), hata iba (nilikuwa naenda) ni ibam ya Kilatini, ya ire ileile. Wanaofanya kazi Msumbiji watakutana na vou (naenda) na vamos za Kireno. Ila hapo kwenye Kihispania na Kireno kuna fui, hiyo imeazimwa kwa kitenzi cha "kuwa", kwa hiyo fui ni "nilienda" na pia ni "nilikuwa", utajua kwa maneno yanayofuata: fui professor, nilikuwa mwalimu, fui ao mercado, nilienda sokoni.

Kikatalani ndo kilinifundisha kutojiamini haraka. Jamaa mmoja wa Barcelona tuliyekuwa na kazi naye aliniandikia vaig enviar els papers, mi na Kifaransa changu kichwani nikasoma "nitatuma karatasi", nikasubiri wiki nzima, kumbe alimaanisha "nilituma", zilikuwa kwenye barua pepe siku zote na tarehe ya mwisho ikapita. Kikatalani kinachukua va- hiyohiyo, kinaweka kitenzi kingine baada yake, na maana inakuwa wakati uliopita. Iliniuma kweli, ndo maana nawaandikia. Je vais aller ya Mfaransa ni "nitaenda", vaig anar ya Mkatalani, imejengwa vilevile kabisa, ni "nilienda".