Ushuru huu wa magari unamlinda nani?

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Nimeagiza Mazda Demio ya mtumba kutoka Japani, petroli, injini ya 1300. Wakala wa bandarini aliponitajia ushuru nilishika kichwa. Ananiambia serikali inalinda viwanda vya magari vya hapa nchini. Mbona sijawahi kuona Demio iliyoundwa Kenya?
Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujaiona kwa sababu haipo.

Kwanza hesabu yako. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haitazami risiti uliyotumiwa; inayo orodha yake ya bei, ambayo hupunguzwa kulingana na umri wa gari. Tuseme thamani imetoka shilingi 500,000. Ushuru wa forodha, uliopandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35, ni 175,000. Ushuru wa bidhaa, asilimia 20, haupigwi kwenye zile 500,000 bali kwenye 675,000. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 nayo hupanda juu ya hayo yote. Hapo, thamani ya gari na kodi pamoja, umefika 939,600, na bado hujalipa ada ya reli wala ya tamko la uagizaji.

Miaka ya themanini nilikuwa kwenye laini ya kuunganisha magari hapa hapa Mombasa. Masanduku ya mbao yakifika kutoka Kilindini tunayabandua kwa mtaimbo: milango huku, injini kule. Betri, vioo na springi serikali ilitaka zitoke humu humu nchini, kwa hiyo nyuma ya kila gari palikuwa na viwanda vidogo vilivyokula. Mapema miaka ya tisini soko likafunguliwa, mitumba ya Dubai na Japani ikamwagika, na gari ndogo zikatushinda kabisa. (Nyayo Pioneer ya 1990, lile gari la serikali lililoishia kwenye majaribio, usinikumbushe.)

Kilichosalia ni malori na mabasi. Itazame matatu ya viti 33: chesisi ya Isuzu imeunganishwa Nairobi, bodi wameichomelea mafundi wa humu humu, viti wameshona wao. Ukilitoza basi zima linalotoka nje, kuna kijana wa Nairobi anayepata kazi. Ukiitoza Demio yako, anayepata ni Hazina peke yake. Volkswagen walianza kuunganisha Polo Vivo Thika mwishoni mwa 2016, lakini gari jipya mwalimu wa shule ya msingi hulitazama tu likipita.

Ningekuwa na sauti, ningelinda spea: bushi, springi, filta, breki. Hiyo mitumba yenyewe ndiyo mteja wake, tena mteja wa kila mwezi.

Kwa sasa mwambie wakala akuonyeshe mstari wa orodha ya KRA aliotumia, na uhakikishe ukubwa wa injini umeandikwa sawa. Gari likiingizwa kundi la juu ya 1500, ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 25, na kurudishiwa pesa baadaye ni safari ndefu.