Nimekimbia jembe Lushoto, nimelikuta Leipzig

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 51, mzaliwa wa Lushoto. Naendesha tramu hapa Leipzig, Ujerumani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nina mke na watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita nilipata bustani kwenye chama cha bustani za mjini, kipande cha mita za mraba 250 na kibanda chake. Mwaka wa kwanza nilipanda mchicha Aprili, baridi ikaua wote. Jirani yangu, mzee wa Kijerumani, akanifundisha nisubiri hadi ipite tarehe 15 Mei, siku wanayoiita ya Sophie wa Baridi. Mzee huyohuyo aliwahi kunijia mbio akipiga kelele alipoona nachuma mnavu, maana kwao ni sumu. Sasa nina mchicha, mnavu, maharage na majani ya maboga. Shangazi, sijawahi kuwa na furaha hivi tangu nije Ulaya.

Tatizo ni watu. Mke wangu anasema hakuolewa na mkulima. Kaka yangu aliona picha yangu nimevaa gambuti, jembe mkononi, akairusha kwenye grupu la familia: "Kumbe Ulaya kwenyewe ni kulima!" Wakacheka wiki nzima. Siku hizi nikisema mwezi huu sina kitu, najibiwa niuze mchicha. Watanzania wenzangu nao wanasema nimekuwa Mzungu kwa sababu siendi kwenye sherehe. Muziki wa mpaka saa nane usiku umenishinda. Mwezi wa nane palikuwa na msiba Berlin, sikwenda, nikatuma rambirambi kwa simu. Kulikuwa na joto kali na mboga zingekauka. Tangu hapo salamu zimepungua. Je, nimezeeka au nimepotea? Niache bustani?
Baba Mchicha, Leipzig

Marahaba, baba. Bustani usiache. Nimeanza na hilo ili uyasome mengine ukiwa umetulia, maana yapo yatakayokuuma.

Bustani hizo nazijua. Niliwahi kukaa huko Ujerumani kwa binti yangu miezi mitatu, na siku ya kwanza tuko kwenye treni nikaona vibanda vidogovidogo vimepangana kandokando ya reli, kila kimoja na kiuga chake. Nikamuuliza, "Kumbe na huku kuna uswazi?" Alicheka hadi abiria wakageuka. Kumbe wenye vibanda wana nyumba zao ghorofani mjini, na wengine wamesubiri miaka kupata kipande. Kwa hiyo simlaumu sana kaka yako. Hata mimi niliyekuwa palepale sikuelewa.

Wewe mwenyewe uko kwenye chimbuko la jambo hilo. Chama cha kwanza kilichobeba jina la daktari Schreber, ambaye hadi leo bustani hizo huitwa kwa jina lake, kilianzishwa hapohapo Leipzig mwaka 1864, na hakikuwa cha kilimo, kilikuwa cha uwanja wa watoto kuchezea. Pembeni ya uwanja wakawatengea watoto vijituta vya kulima. Watoto wakachoka kupalilia, kama wako wanavyokukwepa naamini, wazazi wakavichukua, na ndivyo ilivyo hadi leo. Sasa kuna sheria ya nchi ya mwaka 1983: kipande kisizidi mita za mraba 400, kibanda kisizidi 24, usikifanye makazi. Na theluthi moja ya eneo sharti iwe chakula, mboga au matunda. Mtu akikuuliza kwa nini unalima, mwambie usipolima unanyang'anywa. Wanaokuambia uuze mchicha nao uwajibu kwa sheria hiyohiyo, kwa sababu bustani hizo haziruhusiwi kulimwa kwa biashara.

Ila kaka yako hakucheka kwa kukosa kujua sheria. Miaka kumi na sita ya mwanzo ulikuwa unatuma picha gani? Nadhani umeegemea gari, umevaa koti refu, nyuma yako kuna theluji. Halafu ghafla gambuti. Na yeye yuko Lushoto, kwenye miteremko ile ya kabichi na viazi ambayo kijana mwenye akili alifundishwa kuikimbia. Jembe lake linamlisha, lako linakupumzisha. Hapo ndipo utani ulipo, na donge lipo hapohapo. (Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmsthal, wakapanda mlimani kwenda kupumua hewa ya baridi, na hakuna aliyewacheka.) Usijibu kwenye grupu. Mpigie simu yeye peke yake, umuulize jambo analolijua kukushinda: mzee alikuwa anahifadhije mbegu za mnavu? Majani ya maboga yanachumwa kwa kuruka mangapi ili tunda lisife? Mwache akufundishe, hata akikutukana kidogo. Kuhusu fedha, panga kiasi unachokiweza na tarehe yake, ukitume bila kuombwa. Maneno ya mchicha yatajifia.

Sasa mama watoto. Nimeisoma barua yako mara mbili. Ina mita za mraba, haina bei. Najua huko aliyetangulia hulipwa kibanda na miti yake, halafu kila mwaka kuna kodi, maji, bima na ada ya chama, na saa za kazi za pamoja ambazo usipofika unazilipia. Ulimwambia kabla ya kutia saini, au alikuta funguo mezani? Mwanamke hasemi "sikuolewa na mkulima" kwa sababu ya mboga anazozila. Yeye Jumamosi anashinda ghorofani na vyombo, wewe una pa kwenda kutulia, tena penye kivuli. Mwonyeshe hesabu yote, hadi risiti ya koleo. Kisha Jumapili, siku ambayo huko mashine za kukata majani haziruhusiwi kunguruma, mpeleke na chupa ya chai na chapati, akae. Usimpe jembe, wala usimwite aje kusaidia kuchambua mchicha. Akiona ungo tu, umeharibu. Muulize kibanda kipakwe rangi gani na nini kipandwe mbele ya mlango. Akitaka mawaridi, toa mchicha upande mawaridi. Na Jumamosi moja kati ya mbili ni yake, popote atakapotaka iwe.

Kuchoshwa na muziki wa saa nane usiku si Uzungu, ni miaka 51. Nenda sherehe saa kumi na mbili, kula pilau, toa zawadi, aga saa tatu. Watakusema wiki mbili, halafu watazoea.

Msiba ni kitu kingine, na hapo nitakugombeza. Leipzig na Berlin kwa treni ya haraka ni mwendo wa saa moja na robo. Ungeondoka asubuhi na jioni umesharudi na ndoo yako. Mtu amefia mbali na kwao, watu wachache waliopo wamekaa kwenye sebule ya watu wakihesabu euro za kumsafirisha, wewe uko unamwagilia maboga. Ukianguka wewe kesho, nani atapitisha daftari ili ufike Lushoto? Na usiniambie hukuwa na wa kukumwagilia. Mzee aliyekimbia kukuokoa na mnavu angeshindwa kukushikia bomba siku moja? Halafu usimcheke kwa hilo, matunda mabichi ya mnavu kweli yana sumu. Mchemshie majani vizuri, weka kitunguu na nyanya, mkaribishe aonje mbele yako ukiwa unakula.

Huko Berlin nenda sasa, kabla baridi haijazimaliza mboga. Usipige simu tena, simu umeshaitumia. Kata majani ya maboga na mchicha, yafunge kwenye gazeti lililoloweshwa ili yafike mabichi, ubishe hodi. Sema, "Nimechelewa, nisameheni," ukae. Usieleze habari za joto la mwezi wa nane.

Ukirudi niandikie. Na bei unitajie, maana naambiwa mama watoto wa huko nao wanaisoma safu hii.