Maswali na Majibu: Kizuri kwa Lipi, na kwa Nani?

Mwezi uliopita safu hii iliwaomba wasomaji wapendekeze vitabu walivyovifurahia, vya utanzu wowote, na waeleze ni kitu gani hasa kilichowafurahisha. Majina ya vitabu yalikuja kwa wingi. Maelezo yalikuja kwa uchache. Pamoja na majina hayo yalikuja maswali, na ninayajibu hapa chini yale ambayo hayakunichosha, pamoja na machache yaliyonichosha mno.

Ninapendekeza riwaya moja ya mapenzi. Ni nzuri sana na kila mtu aisome. Je, mtaichapisha barua yangu?

La. Nzuri kwa lipi, na kwa nani?

Msomaji mwenzenu alimsifu Kezilahabi. Nilisoma *Rosa Mistika* kwa siku mbili, nikaipenda, nikatafuta *Nagona* kwa kuwa mwandishi ni yule yule. Nimekwama katika kurasa za mwanzo. Kasoro ni yangu au ni ya kitabu?

Si yako wala si ya kitabu. Kasoro ni ya aliyekupendekezea jina la mtu badala ya kukupendekezea kitabu, na kosa hilo nimelipigia kelele katika safu hii mara nyingi kiasi kwamba nadhani sasa ninajisomea mwenyewe. Mwandishi mmoja anaweza kuwa waandishi wawili au watatu katika maisha yake, na Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, ni mfano ulio wazi kuliko wote. *Rosa Mistika* ya mwaka 1971 ni riwaya ya uhalisia: kuna binti aliyelelewa chini ya ukali wa baba, kuna dunia inayomngoja nje ya ukali huo, na kisa kinakwenda mbele bila kukupoteza. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na bila shaka marufuku hiyo iliiongezea wasomaji. *Nagona* ilitoka mwaka 1990, takriban miaka ishirini baadaye, mwandishi akiwa ameshauacha uhalisia. Humo hakuna msuko wa kawaida wa kuushika mkononi. Kuna ndoto, visasili na hoja za kifalsafa zinazojitokeza na kupotea. Kitabu chenyewe ni chembamba, na wembamba huo umewadanganya wengi, kwa sababu watu hudhani kwamba kitabu kifupi ni kitabu chepesi.

Ushauri wangu ni kwamba ukiweke kando bila haya. Soma *Kichwamaji* (1974), ambamo utakutana na Kazimoto, kijana msomi anayejiuliza kama maisha yana maana yoyote. Kisha *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), na *Gamba la Nyoka* (1979), inayohusu vijiji vya ujamaa na watu waliovipinga. Ukifika hapo utakuwa umemwona mwandishi akibadilika hatua kwa hatua, na utakaporudi *Nagona*, isome kama unavyosoma shairi refu, bila kudai kila ukurasa ukupe tukio. Ikiwa bado hutaipenda, utakuwa na sababu, na sababu hiyo ningependa kuisoma.

Tafadhali naomba PDF za vitabu vyote mlivyotaja.

Ombi hili limekuja mara nyingi kuliko maombi mengine yote kwa jumla, na jibu halijabadilika: sina, na hata ningekuwa nazo nisingekutumia. Anayelalamika kwamba riwaya mpya za Kiswahili ni chache, huku simu yake imejaa nakala za wizi, anaijua sehemu ya mchango wake katika uchache huo. Maktaba zipo, na kuazimana kitabu halali na rafiki si dhambi.

Ninataka kuanza riwaya za upelelezi. Je, ni lazima nifuate mpangilio wa kutoka kwake?

Kwa sehemu kubwa si lazima, kwa kuwa kila kesi hujifunga yenyewe. Chukua visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla. Kitabu cha kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichapwa mwaka 1960, na vingine vikafuata, kama *Kisima cha Giningi* (1968) na *Siri ya Sifuri* (1974). Unaweza kuanza na chochote, ingawa mimi humwanzisha mgeni na kile cha kwanza, kwa sababu humo ndimo anamozoea mwendo wa mpelelezi huyu mvuta kiko, ambaye hakimbii wala hapigi risasi bali huuliza, hunyamaza na kufikiri. Anayetaka mbio na mabomu hatampenda, na anayempendekeza ana wajibu wa kulisema hilo mapema.

Kwa Sherlock Holmes, ambaye kiko chake ndicho watu humlinganisha nacho Bwana Msa, mpangilio una umuhimu kidogo. Arthur Conan Doyle alichoshwa na mhusika wake akamuua mwaka 1893, wasomaji wakaghadhibika, naye akamrejesha hai mwaka 1903. Ukianzia visa vya baadaye utasoma habari za kurejea kwa mtu ambaye hukujua kwamba aliondoka.

Sijawahi kufurahia shairi tangu nilipoacha shule. Je, kuna kitabu cha ushairi kinachoweza kunibadilisha?

Ninashuku kwamba hukuacha kupenda mashairi. Uliacha kupenda kuyahesabu. Wengi wetu tulifundishwa kulikabili shairi kwa kidole: mishororo minne, mizani kumi na sita, nane katika ukwapi na nane katika utao, vina vya kati, vina vya mwisho, kisha kengele inalia na hakuna aliyeuliza shairi linasema nini. Arudhi, yaani kanuni hizo za vina na mizani, ni elimu tukufu na sina nia ya kuidharau, lakini imewekwa kwa ajili ya sikio. Lisome shairi kwa sauti, ukiwa peke yako ikiwa unaona haya, na mizani itajihesabu yenyewe bila msaada wako.

Kitabu ninachokupendekezea ni *Sauti ya Dhiki* cha Abdilatif Abdalla. Alifungwa gerezani nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, akakaa huko miaka mitatu, na mashairi haya aliyatunga humo kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalichapwa mwaka 1973. Yote yamefuata arudhi, na hilo ndilo linalonishangaza kila ninapoyarudia: mtu aliyenyimwa uhuru wa kila kitu akachagua kwa hiari yake kanuni kali za vina na mizani, na ndani ya kanuni hizo akasema alichokatazwa kukisema. Anza na shairi la mamba, ambaye kwa hakika si mamba. Nikuonye kwamba lugha yake ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na maneno kadhaa yatakusimamisha. Weka kamusi karibu, lakini usiifungue kabla hujamaliza kulisoma shairi zima mara moja.

Ikiwa baada ya hapo bado unaona vina vinakubana, tafuta *Kichomi* (1974), diwani ya Kezilahabi yule yule wa hapo juu, aliyethubutu kuandika mashairi bila vina wala mizani na kuwachokoza wanamapokeo, watetezi wa kanuni hizo za zamani, ambao walimjibu kwa ukali kwamba hayo si mashairi. Mjadala huo umeandikiwa mengi, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa inachosha. Soma diwani zote mbili, uamue mwenyewe.

Mimi husoma vitabu vya mafanikio na biashara pekee. Mbona mnatusukumia riwaya? Mtu anapata faida gani kwa kusoma mambo ambayo hayakutokea?

Umetaja katika barua yako vitabu kumi na vinne vya mafanikio ulivyovisoma mwaka huu. Ningekuwa wewe, baada ya kile cha tatu ningeanza kujiuliza kwa nini ninahitaji cha nne. Sisemi kwamba vyote ni vibaya. Vipo vinavyofundisha jambo moja la maana, kwa kawaida katika sura ya kwanza, na sura zilizobaki hulirudia jambo hilo kwa visa vya watu waliofaulu, bila kuwataja waliofuata ushauri ule ule wakaanguka. Riwaya nzuri haikuahidi chochote, na humweka aliyeanguka katikati ya ukurasa. Jaribu *Kuli* ya Adam Shafi (1979), inayohusu vibarua wa bandarini Zanzibar wakati wa ukoloni na mgomo wao. Kama ni biashara unayoitafuta, humo utajifunza kuhusu ujira, mkataba na nguvu ya kukubaliana kwa pamoja. Si mambo yaliyozuliwa.

Kusikiliza kitabu kinachosomwa na mtu mwingine kunahesabika kuwa ni kusoma?

Ndiyo. Tenzi zilisikilizwa karne nyingi kabla hujaliuliza swali hili.

Je, ni sawa kupendekeza tafsiri, au nisome kwa lugha ya asili tu?

Ni sawa kabisa, kwa sharti moja, kwamba umtaje mfasiri. Barua saba zilipendekeza *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ya mwaka 2021, na sita kati ya hizo ziliandika kana kwamba Gurnah ndiye aliyeziandika sentensi za Kiswahili walizozifurahia. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Kiswahili kile ni cha Ida Hadjivayanis, na tafsiri yake ilitoka mwaka 2022. Mfasiri si bomba ambalo maneno hupitia yakatoka kama yalivyoingia. Julius Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare inayomhusu mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, aliiita *Mabepari wa Venisi*. Hapo palikuwa na neno "wafanyabiashara", naye alilifahamu vyema, lakini alichagua "mabepari", na kwa neno hilo moja tamthilia ikavaa siasa za wakati wake. Unaweza kulipenda chaguo hilo au kulikataa, lakini huwezi kusema kwamba ni la Shakespeare.

Ninapenda maisha ya watu wa kweli. Nianze na wasifu au tawasifu?

Anza na vyote viwili kwa mkono mmoja. Shaaban Robert aliandika *Wasifu wa Siti Binti Saad*, juu ya mwimbaji mashuhuri wa Zanzibar, na pia akayaandika maisha yake mwenyewe katika *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*. Angalia jinsi anavyomsogelea mtu mwingine na jinsi anavyojisogelea yeye. Ukishazoea, soma maisha ya Tippu Tip kama alivyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa, na anasimulia safari na vita vyake kwa utulivu wa mtu anayekagua hesabu zake. Kitabu hicho kisisomwe kwa kumwamini msimulizi. Kisomwe kwa kuwatafuta watu ambao hakuona haja ya kuwapa majina.

Niliwaletea pendekezo la kurasa tatu nililoliandika kwa uangalifu mkubwa, likieleza kisa chote tangu mwanzo hadi mauti ya mhusika mkuu na jina la aliyemuua. Mbona halikuchapishwa?

Kwa sababu linaeleza kisa chote hadi mauti ya mhusika mkuu na jina la aliyemuua. Kata kurasa mbili za mwisho, ulilete tena.